Mbojo wa Singida na hesabu za uchawi

Wadau, jamaa wa hosteli wamenogewa na Dungeons & Dragons, mchezo wa Kimarekani uliotoka 1974. Katika toleo la 2014, uchawi wa kukuza kiumbe una hesabu: kila kipimo mara mbili, uzito mara nane. Basi, ugomvi umekwisha.

Kwetu Singida haukuisha hivyo. Mwaka 1946 na 1947 Wanyaturu wengi waliuawa, miili ina majeraha kama ya kucha. Watu wakasema ni mbojo, mtu-simba wa mchawi. Je, kageuzwa, au kavishwa ngozi tu? Simba dume anafika kilo 190, jamani, mtu je? Serikali ya kikoloni ikashika la ngozi. Simba hupigwa risasi, mtu hushtakiwa. Wakashtakiwa watu.