Fidla Iliyohukumiwa Moto



Wapendwa Taifa la Mungu, juma hili tunatafakari historia ya chombo kimoja cha muziki, yaani fidla ya Hardanger, magharibi mwa Norwei.

Iliyo kongwe kuliko zote kwa desturi huhesabiwa kuwa ya mwaka 1651, kazi ya Ole Jonsen Jaastad. Katika karne ya 18, Isak Botnen na mwanawe Trond, mafundi wa Kvam, waliieneza sana sanaa hiyo. Fidla hiyo hupambwa kwa michoro ya wino, mfupa na ganda la chaza. Kichwani huchongwa simba au joka. Chini ya nyuzi nne zipigwazo hupita nyingine, aghalabu nne au tano, zisizoguswa na upinde. Zile za juu zinapolia, hizo huitika zenyewe.

Lakini uamsho wa kidini ulipoenea nchini humo katika karne ya 19, wahubiri wengi waliiita chombo cha Ibilisi, kwa kuwa iliandamana na dansi, ulevi na ugomvi. Fidla nyingi zilichomwa moto, nyingine zilifichwa. Hata Torgeir Augundsson, aliyeitwa Myllarguten, watu walimsimulia kuwa alifundishwa na nguvu za giza. Huyo ndiye ambaye Ole Bull alimpandisha jukwaani mjini Christiania, yaani Oslo ya leo, mwaka 1849.

Tusiwabeze wahubiri hao, maana ulevi uliwaumiza watu kweli. Walakini ubao haukunywa pombe.

Fundi wa fidla huunga mbao kwa gundi ya ngozi za wanyama. Gundi hiyo hushika imara, lakini kwa joto na unyevu huachia. Ubao wa juu hufunguliwa, ufa huzibwa, na chombo hufungwa tena. Aliyeiunda alijua tangu mwanzo kwamba ipo siku itahitaji kutengenezwa.

Nasi Afrika ya Mashariki tunalijua jambo hili. Ngoma zetu nazo zilikataliwa na wamisionari wengi, ingawa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Hati ya Liturujia ya mwaka 1963, uliagiza muziki wa asili wa mataifa upewe heshima na nafasi yake.

Bwana wetu, katika mfano wa magugu, aliwazuia watumishi wenye haraka. Basi tuonapo ufa katika kijana, katika ndoa au katika jumuiya yetu, tujiulize: tumemtafuta fundi, au tumetafuta kiberiti?

Mungu awabariki. Dominika njema.