Kori Mbili Si Prosesa Mbili, Usichezwe

Wasee, tuelewane kwanza. Kompyuta ya prosesa mbili ina chipu mbili, kila moja na soketi yake. Ya kori mbili ina chipu moja tu, lakini ndani kuna sehemu mbili zinazopiga hesabu. Fikiria vibanda viwili vinavyogawana oda, halafu kibanda kimoja chenye wapishi wawili.

Prosesa mbili ndizo zilitangulia. Tayari mwaka 1962 Burroughs D825, mashini ya jeshi la Marekani, iliweza kubeba hadi prosesa nne. Kwa miaka mingi hiyo ilikuwa raha ya wenye pesa. Ndiyo maana mwaka 1999 Abit walishangaza watu na bodi ya BP6: unachomeka Celeron mbili za bei ya chini, mambo yanasonga. Shida ni moja. Windows 98 ilitumia moja tu, nyingine inakaa bure. Ilibidi uweke Windows NT au Linux.

IBM walitoa POWER4 ya kori mbili mwaka 2001, lakini hiyo ilikuwa ya seva. Huku kwa kompyuta za nyumbani, Intel walikuwa bado wanakimbiza spidi. Pentium 4 ikafika gigahatsi 3.8, ikachemka kama sufuria. Mwaka 2004 wakafuta mpango wa gigahatsi 4. Mwaka uliofuata tukapata Pentium D na Athlon 64 X2, zote za kori mbili.

Kwa hivyo mimi nasema hivi: kori mbili hazikuletwa na roho safi ya makampuni. Zililetwa na joto.

Na bado zingetugharimu. Mwaka 2004 Microsoft waliamua leseni ihesabu prosesa, si kori. Ndiyo maana hata Windows XP Home, iliyoruhusu prosesa moja pekee, ilitumia kori zote mbili bila nyongeza.

Sheria hiyo haijafa. Windows 11 Home bado inakubali prosesa moja. Ukitaka mbili, ni Pro. Sasa mtu akikuuzia mashini ya mtumba yenye Xeon mbili, usiangalie stika peke yake. Uliza: ni soketi ngapi, na ni Windows gani? La sivyo utalipia wapishi wa vibanda viwili, na kimoja kimefungwa.