Fadhaa ya Mtihani: Wasiwasi na Kiherehere

Fadhaa ya mtihani ni hali inayomshika mtu akilini na mwilini kabla ya kupimwa na wakati anapopimwa, hasa pale macho ya wengine yanapokodolea mikono yake. Kifaransa, ambacho ndicho lugha ya kufundishia katika shule za uuguzi za Bukavu, mashariki mwa Kongo, huiita trac, neno lile lile la waigizaji wanaosubiri pazia lifunguliwe. Wanafunzi wenyewe, wakiwa uani wakingoja kuitwa, hawana haja ya istilahi. Mmoja atasema ana stresi, mwingine kwamba roho inadunda. Anayetafsiri kwa haraka huandika "wasiwasi wa mtihani". Si kosa, ila ametaja nusu tu ya jambo.

Saikolojia ililishika suala hili kwa nguvu kuanzia mwaka 1952, pale George Mandler na Seymour Sarason walipochapisha utafiti wao kuhusu fadhaa na mitihani. Mwaka 1967 Robert Liebert na Larry Morris wakaligawa sehemu mbili: mawazo ya mashaka yanayozunguka kichwani, na msisimko wa mwili. Ilionekana kuwa sehemu ya kwanza ndiyo inayoharibu matokeo zaidi. Ya pili hupanda sana dakika chache kabla ya mtihani, kisha kwa kawaida hushuka kazi ikishaanza. Wataalamu hao walihitaji dodoso na hesabu ili kuzitenganisha. Kiswahili kina jina la kila moja tangu zamani.

Jina la sehemu ya kwanza ni wasiwasi. Neno hili limetoka katika Kiarabu, ambako asili yake ni mnong'ono. Sura ya mwisho ya Kurani inalitumia kumtaja mnong'onaji anayetia mawazo mabaya vifuani mwa watu. Maana hiyo ya kale inaeleza jambo vizuri kuliko fasili nyingi za vitabuni. Mtahiniwa mwenye wasiwasi anasikia sauti ya chini ikimwambia amesahau hatua, mwalimu amekunja uso, ada ya mwaka imepotea bure. Kadiri anavyoisikiliza sauti hiyo, ndivyo nafasi ya kukumbuka hatua inayofuata inavyopungua, kwa kuwa akili hushika mambo machache tu kwa wakati mmoja.

Sehemu ya pili ni kiherehere: moyo kwenda mbio, viganja kulowa jasho, mdomo kukauka, vidole kutetemeka. Hii ni kazi ya adrenalini, homoni inayouandaa mwili kupambana au kukimbia. Neno lina kasoro moja. Kwa vijana wengi wa Nairobi na Dar es Salaam, mwenye kiherehere siku hizi ni mtu wa kujipendekeza au kuingilia yasiyomhusu. Hata hivyo maana ya moyo kupapatika bado iko hai, na "kiherehere cha moyo" haimpotezi msomaji.

Tofauti ya hali hizi mbili huonekana wazi katika mtihani wa vitendo. Bukavu, Instituts Techniques Médicaux, maarufu kama ITM, huandaa wauguzi wa ngazi ya sekondari, iitwayo A2, na ISTM, chuo cha elimu ya juu, huandaa wa ngazi ya A1. Katika mtihani wa namna hii mtahiniwa husimama kando ya kitanda, na mpimaji ana orodha ya hatua mkononi. Hapa kuna mzigo ambao vitabu kutoka Ulaya haviutaji: hatua zimekaririwa kwa Kifaransa, lakini mgonjwa husemeshwa kwa Kiswahili au Kimashi. Mtahiniwa anageuka huku na huku kati ya lugha mbili, na kila mgeuko ni mlango wa wasiwasi.

Mfano mdogo ni kuhesabu mapigo ya mshipa kwenye kifundo cha mkono. Kanuni inataka kidole cha shahada na cha kati, kamwe si gumba, kwa sababu gumba lina mpigo wake unaohisika. Mtahiniwa mwenye kiherehere akiteleza na kubonyeza kwa gumba, anaweza kuhesabu moyo wake mwenyewe na kuandika mia na kumi kwa mgonjwa aliyelala ametulia tuli. Kosa hilo limetoka mwilini. Kusahau kabisa kujitambulisha kwa mgonjwa ni kosa la namna nyingine, nalo mara nyingi limetoka kwenye mnong'ono.

Dawa zake pia hazifanani. Kiherehere hupungua kwa kuvuta pumzi polepole na kuitoa kwa muda mrefu kuliko ilivyoingia. Kutoa pumzi taratibu huusaidia moyo kupunguza mwendo. Kunawa mikono, hatua ambayo karibu kila zoezi huanza nayo, hutoa nafasi nzuri ya kufanya hivyo. Shirika la Afya Duniani linataka kunawa kwa maji na sabuni kuchukue sekunde 40 hadi 60, muda unaotosha pumzi kadhaa ndefu, hata pale maji yanapomiminwa kutoka kwenye bidoni. Mwenye haraka hunawa kwa sekunde kumi, akapoteza alama na pumzi kwa pamoja. Isitoshe, kiherehere hakihitaji kuzimwa chote. Mwaka 2014 Alison Wood Brooks alionyesha kwamba watu waliojiambia wamesisimka walifanya vizuri kuliko waliojilazimisha kutulia.

Wasiwasi hauondoki kwa pumzi peke yake. Mwaka 2011 Gerardo Ramirez na Sian Beilock walionyesha kuwa wanafunzi wenye fadhaa walioandika hofu zao kwa dakika kumi kabla ya mtihani walipata matokeo bora. Kwa mtihani wa vitendo, njia kubwa zaidi ni kurudia zoezi, mbele ya mwanafunzi mwenza anayeshika orodha, hadi mikono ijue njia bila kuulizwa. Kutamka kila hatua kwa sauti husaidia pia: mdomo ukiwa na kazi, mnong'ono hukosa nafasi.

Wakongo waliohamia Marekani hukutana na fadhaa hiyo hiyo ya mtihani wa vitendo wanapotafuta cheti cha msaidizi wa muuguzi. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1987 inadai mafunzo ya saa 75 angalau, na katika majimbo mengi mtihani wa vitendo huwa na stadi tano, kunawa mikono ikiwa mojawapo.

Jina la jumla linalofaa kwa wasiwasi na kiherehere basi ni fadhaa, kwa kuwa linabeba akili na mwili pamoja. "Mfadhaiko", lililotokana nalo, limekwisha kuzoewa kwa msongo wa muda mrefu, na halifai kwa jambo la robo saa. "Hofu ya mtihani" ibaki kwa yule asiyeweza hata kuingia chumbani.