Kabla ya benki kulikuwa na kipande

Leo tukae kidogo na historia, maana jambo lenyewe limeanzia sebuleni kwetu hapa Kibarani.

Shangazi yangu anaishi Italia. Analea wazee huko, miaka mingi sasa, na kila senti anaijengea nyumba ya kurudia. Alipokuja likizo alienda benki kufungua akaunti ya akiba, akapewa fomu. Wewe ni mkazi wa nchi gani kwa ajili ya ushuru? Nambari yako ya ushuru ya huko ni ipi? Akauliza haya yaenda wapi. Akajibiwa, "Ni sheria mama, weka sahihi hapo." Akaweka. Usiku akaniambia, "Wewe ushindaye kwenye simu, hebu nitafutie nani atasoma jina langu."

Nikatafuta, na nikajikuta nimerudi miaka mia na zaidi nyuma.

Wakati wa Mwingereza, serikali ilitoza kodi ya nyumba. Sasa huwezi kutoza kodi ya nyumba bila kuhesabu nyumba, na huwezi kuhesabu bila kujua nani alala wapi. Ndiyo maana Arthur Champion alipotumwa kwa Wagiriama mwaka 1912, watu waliona kinachokuja ni kodi na vijana kupelekwa kazi za mbali. Mekatilili wa Menza akasimama. Wazee husimulia alivyomletea Champion kuku na vifaranga, akamwambia jaribu kuchukua kimoja uone mama atafanya nini. Mwaka 1913 alikamatwa akapelekwa uhamishoni mbali, huko magharibi mwa Kenya, na bado akatoroka akarudi. Agosti 1914 Waingereza wakalipua Kaya Fungo kwa baruti.

Halafu kikaja kipande. Sheria yake ilipitishwa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza. Mwanamume Mwafrika wa kuanzia miaka 16 alitakiwa kutembea na karatasi yenye alama za vidole, ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Humo mliandikwa aliyemwajiri na mshahara aliolipwa. Yaani pato lako lilikuwa shingoni mwako, na asomaye si wewe. Ni askari na tajiri wako mpya.

Nasema haya ili mtu asiniambie kuogopa daftari la serikali ni mambo ya vijana wa mitandao. Hapa pwani ni kumbukumbu.

Turudi kwa shangazi. Kenya ilitia sahihi mkataba wa kimataifa wa kusaidiana katika mambo ya ushuru Februari 2016, ukaanza kutumika kwetu Novemba 2020. Kisha zikaja kanuni za mwaka 2023 zinazozitaka benki zitafute akaunti za watu ambao ni wakazi wa nchi nyingine kiushuru. Utaratibu ni huu: benki inapeleka kwa KRA jina, anwani, nambari ya ushuru, nambari ya akaunti, salio la mwisho wa mwaka na riba. KRA inapeleka kwa nchi ile ambayo imekubaliana nayo. Na nchi ile nayo yaleta ya Wakenya walioweka pesa kwake. Hakuna anayengoja ushukiwe kwanza. Zinaenda kila mwaka, zako na za jirani, mwizi na asiye mwizi.

Na Italia inamtaka mkazi wake atangaze akaunti za nje zikipita kiwango fulani. Shangazi hakuwa anajua. Hakuficha kitu, hakuwahi kuambiwa tu.

Sasa tuwe wakweli. Mpango huu haukuzuka bure. Oktoba 2021 zilipotoka zile nyaraka za Pandora, familia ya rais wetu wa wakati huo ilitajwa kuwa na kampuni nje ya nchi. Kuwa na kampuni nje si kosa lenyewe, lakini wengi tuliuliza: mwalimu wa Kilifi anakatwa kabla hajaona mshahara, je mkubwa mwenye pesa ng'ambo anaonwa na nani? Bila nchi kupeana habari, haonwi. Kwa hiyo mie sipingi.

Ninachopinga ni kufanya hivi kimyakimya. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinatulinda mambo yetu ya ndani yasidaiwe wala kuanikwa bila sababu ya lazima. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na inataka kuwe na kinga kabla data haijavuka mpaka. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilisema kadi za Huduma zilitolewa kinyume cha sheria kwa kuwa athari kwa data za watu hazikupimwa kwanza. Lakini Mswada wa Fedha wa 2024 ulikuja na pendekezo la kuilegeza sheria hiyo hiyo pale data inapotakiwa kwa ajili ya ushuru. Mswada ule haukuwa sheria, na mwajua ulisimamishwa na kina nani.

Na hatari si ya kufikirika. Mwaka 2019 wadukuzi waliingia katika mamlaka ya ushuru ya Bulgaria, rekodi za mamilioni ya watu zikavuja. Ukiituma siri yako nchi ya pili, kufuli yako ni kufuli ya nchi hiyo.

Halafu kuna hili linaloniuma kama mtu wa huku. Utaratibu huu unahesabu akaunti za fedha. Jumba la ufukweni Malindi au Watamu, lenyewe kama jumba, halimo. Akiba ya shangazi imo. Enzi zile nyumba ya makuti ndiyo iliyohesabiwa. Leo jumba limepita, kijitabu cha mlezi wa wazee kimeshikwa.

Ombi langu ni dogo. Benki imwambie mteja, kwa Kiswahili kinachoeleweka, kabla ya sahihi: habari hizi zaenda kwa nani, zitatumika kwa nini, na zikiwa na makosa utazisahihisha wapi. Babu wa babu yangu hakuweza kusoma kilichoandikwa ndani ya kipande chake. Shangazi anajua kusoma. Mpeni asome.

Nanyi mlio na ndugu ng'ambo, waulizeni leo: ile fomu waliisoma, au waliweka sahihi tu?