Fahamu: Umeme wa akiba kwenye vituo vya AI unakula pesa kiasi gani?

Umeme ukikata Buseresere, mwenye steshenari anavuta kamba ya jenereta, kisha anawasha kompyuta upya. Kazi ambayo haikuhifadhiwa ndiyo basi tena. Kituo cha data hakitaki kufika huko, hivyo hujiwekea akiba ya tabaka tatu:

UPS na betri. Hushika mzigo papo hapo, ila kwa dakika chache tu.

Swichi ya kuhamisha umeme. Ikihisi laini imekata, inaamuru jenereta liwake, kisha inahamishia mzigo huko.

Jenereta za dizeli. Kwa kawaida huwa tayari ndani ya dakika moja, na huendelea kadiri mafuta yalivyo.

Gharama yake

Katika kituo cha kawaida, mfumo mzima wa umeme huchukua takriban asilimia 40 ya gharama za ujenzi, bila kuhesabu kompyuta zenyewe. Kwenye AI, kompyuta ndizo zinazomeza pesa. Agosti 2025, bosi wa Nvidia, Jensen Huang, alisema kituo cha gigawati 1 kinagharimu dola bilioni 50 hadi 60, na takriban bilioni 35 kati ya hizo ni vifaa vya kampuni yake. Betri na jenereta ni ghali, lakini kwenye hesabu hiyo zinabaki kipande kidogo.

Kwa mwenye duka mambo ni kinyume: jenereta na betri vinaweza kuzidi bei ya kompyuta anayoilinda.

Kununua hakutoshi

Agosti 25, 2023, umeme ulikatika sehemu kubwa ya Kenya. Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, ulikuwa na jenereta, lakini mojawapo halikuwaka na abiria wakakaa gizani. Bosi wa mamlaka ya viwanja vya ndege alipoteza kazi.

Piga hesabu yako

Kompyuta, ruta na taa zikila wati 150 kwa saa 3, unahitaji wati-saa 450. Betri ya asidi ya volti 12 na Ah 100 ina wati-saa 1,200, ila tumia nusu tu isife mapema. Zinabaki 600, na inveta nayo inakula kidogo. Betri moja inatosha.

Kisha mara moja kwa mwezi, hifadhi kazi zako, zima meni swichi mwenyewe, uone kama akiba yako inashika.