Saratani ya tezi dume: kwa nini hurudi hata homoni ikishushwa

Mzee wa Handeni au Korogwe akianza tiba ya homoni kwa ajili ya saratani ya tezi dume, mara nyingi nafuu huonekana. Mkojo hutoka vizuri, mifupa huacha kuuma, hata shamba anarudia. Kisha, baada ya miezi au miaka, maumivu huanza upya. Hapo maneno huwa mengi nyumbani: dawa zilikuwa feki, mzee amechezewa, nauli imepotea bure. Kumbe sababu imo ndani ya seli za saratani zenyewe.

Tezi dume iko chini ya kibofu na imezunguka njia ya mkojo. Seli zake hutegemea homoni ya kiume, testosteroni. Sehemu kubwa ya homoni hiyo hutoka kwenye korodani, na kiasi kidogo hutokana na tezi zilizo juu ya figo. Husafiri na damu mwili mzima, lakini hufanya kazi pale tu penye kipokezi chake. Sisi watu wa redio mfano hatuutafuti mbali: homoni ni matangazo, kipokezi ni redio iliyomo ndani ya seli. Kipokezi kikinasa homoni, huingia kwenye kiini cha seli na kuziamuru chembe za urithi zifanye kazi. Seli ya saratani huchukua amri hiyo ili ikue na kugawanyika.

Mwaka 1941 Charles Huggins, daktari wa Chicago, alionyesha kwamba homoni hiyo ikishushwa saratani husinyaa. Mwaka 1966 alipewa Tuzo ya Nobel. Tiba za leo zinafuata njia ileile. Upasuaji wa kuondoa korodani, au sindano kama goserelini ya kila siku 28 au ya kila miezi mitatu hivi, huzima kituo cha matangazo. Vidonge kama bikalutamidi huziba redio isinase. (Sindano ya kwanza hupandisha homoni kwa muda kabla ya kuishusha, ndiyo maana vidonge huweza kutangulia.)

Tatizo ni kwamba saratani haikai kimya. Zipo seli zinazoongeza idadi ya vipokezi, hivyo homoni kidogo iliyobaki inazitosha. Nyingine hujitengenezea homoni zenyewe. Kuna vipokezi vinavyobadilika umbo, vikaanza kuitikia homoni nyingine, hata kidonge kilekile kilichowekwa kuvizuia. Vya ajabu zaidi ni vile vilivyopungukiwa ile sehemu ya kunasa homoni: hutoa amri muda wote bila kusubiri chochote, kama redio inayopiga kelele wakati kituo kimefungwa.

Kwa hiyo mgonjwa hakukosea, na tiba haikuwa ya uongo. Lakini asiache sindano kwa kuwa anajisikia vizuri, wala kwa kuwa maumivu yamerudi. Kwa kawaida homoni huendelea kushushwa, kisha daktari huongeza tiba nyingine, kwa mfano abirateroni, inayozuia homoni isitengenezwe popote mwilini, au dawa za kuua seli, au mionzi kwenye mfupa unaouma. Kipimo cha damu cha PSA mara nyingi huonyesha mabadiliko kabla maumivu hayajaanza, ndiyo maana siku ya kliniki si ya kuruka hata kama mzee ni mzima kabisa. Dawa za kuongeza nguvu za kiume zinazouzwa mnadani asizitumie kabla ya kumuuliza daktari, maana nyingine huweza kuwa na homoni.

Walio karibu na Magunga au hospitali ya Handeni waanzie hapo. Rufaa huweza kwenda Bombo mjini Tanga, KCMC Moshi au Ocean Road, Dar es Salaam. Mgonjwa akiumwa mgongo huku miguu ikiishiwa nguvu au kufa ganzi, au mkojo ukigoma, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu uti wa mgongo unaweza kuwa umebanwa, na akichelewa huenda asiweze kutembea tena.