Retinoblastoma

Retinoblastoma ni saratani ya jicho inayoanzia kwenye retina, utando wa ndani unaopokea mwanga. Huwapata karibu watoto wadogo peke yao: wengi hugunduliwa kabla ya kutimiza miaka 5, na wachache huzaliwa nayo tayari. Humpata mtoto mmoja kati ya 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa hai, yaani wagonjwa wapya wapatao 8,000 kwa mwaka duniani kote. Kwa hesabu hiyo ni ugonjwa adimu. Hata hivyo, umefundisha mengi kuhusu chanzo cha saratani kuliko magonjwa mengine yanayoua watu wengi zaidi.

Anayeuona kwanza kwa kawaida ni mzazi, si daktari. Mboni ya jicho, ambayo huwa nyeusi mchana na nyekundu katika picha iliyopigwa kwa flashi, huonekana nyeupe au ya manjano, kama jicho la paka linapomulikwa kwa tochi. Dalili nyingine ya mapema ni makengeza. Maumivu, wekundu na jicho kutokeza nje ya tundu lake huja baadaye, uvimbe ukiwa umekua. Mtoto mchanga hawezi kusema kwamba haoni, na akiwa na jicho moja zima hucheza kama wenzake, kwa hiyo tabia yake haimshtui mtu. Mboni nyeupe inaweza pia kuwa mtoto wa jicho au ugonjwa mwingine, lakini hakuna namna ya kubaini hilo nyumbani.

Mpasuaji wa Uskoti James Wardrop aliutambua kama ugonjwa wa pekee mwaka 1809, akashauri jicho liondolewe mapema. Shauri hilo lilitolewa zama ambazo upasuaji ulifanywa bila nusukaputi, na halikupata wafuasi wengi. Jina la sasa lilikubaliwa na madaktari wa macho wa Marekani mwaka 1926. Upasuaji ulipoboreka, watoto waliotolewa jicho walianza kuishi, wakakua na kuzaa, na baadhi ya watoto wao wakapata ugonjwa uleule. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba kuna retinoblastoma inayorithiwa. Lakini katika familia nyingine mtoto mmoja aliugua bila yeyote kabla yake wala baada yake.

Aliyefumbua kitendawili hicho ni Alfred Knudson, daktari wa watoto wa Marekani, na kifaa chake kikuu kilikuwa hesabu. Mwaka 1971 alichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za wagonjwa 48 wa hospitali moja ya Houston, Texas. Aliwatenga waliougua macho yote mawili na waliougua jicho moja, kisha akatazama umri waliogunduliwa. Kundi la kwanza liligunduliwa mapema zaidi, na idadi ya waliokuwa bado hawajagunduliwa ilishuka kulingana na umri kwa mwendo unaotarajiwa pale panapohitajika tukio moja tu la bahati mbaya. Katika kundi la pili mchoro wa idadi hiyo ulijipinda, kama inavyokuwa pale yanapohitajika matukio mawili. Knudson akahitimisha kwamba saratani hii huhitaji mapigo mawili, yaani kasoro mbili za kijenetiki. Anayerithi pigo la kwanza huwa nalo katika kila seli ya mwili, hivyo pigo moja zaidi katika seli yoyote ya retina linatosha. Kwa mtoto mwingine sharti mapigo yote mawili yaangukie seli moja, jambo ambalo ni nadra na halitarajiwi kutokea katika macho yote mawili. Alikadiria pia kwamba aliyerithi pigo la kwanza hupata vivimbe vitatu kwa wastani. Wastani huo unaeleza kwa nini wachache waliorithi hawaugui kabisa, ilhali wanaweza kuwarithisha watoto wao.

Maabara ilifuata nyuma ya hesabu. Mwaka 1983 ilionyeshwa kwamba katika seli za uvimbe nakala nzima ya sehemu ya kromosomu ya 13 hupotea, ikabaki ile yenye kasoro. Mwaka 1986 jeni lenyewe, RB1, likapatikana. Lilikuwa jeni la kwanza kupatikana kati ya yale yanayozuia saratani, yaani yale ambayo madhara hutokana na kukosekana kwake. Protini yake hufanya kazi ya breki: hushikilia protini za kundi la E2F zinazoamsha jeni za kujigawa kwa seli, na huziachia tu seli inapopewa ruhusa ya kugawanyika. Breki hiyohiyo huharibiwa kwa njia tofauti katika saratani nyingi za watu wazima. Katika saratani ya mlango wa kizazi, kwa mfano, protini ya kirusi cha HPV huikamata na kuizuia isifanye kazi.

Swali gumu zaidi lilikuwa kwa nini jicho, na kwa nini utotoni, ikiwa breki hii imo katika kila seli. Panya walioondolewa nakala moja ya jeni hilo hawakupata uvimbe wa jicho, bali wa tezi ya pituitari. Sehemu ya jibu imo katika ukuaji wa jicho la binadamu. Tafiti zimeonyesha kwamba seli changa zitakazokuwa koni, yaani zile za kuona rangi, zina vichocheo vingi vya kujigawa hata zinapoanza kukomaa, na zinaitegemea RB1 kusimama. Ikipotea wakati huo, huendelea kujigawa. Retina ikishakomaa, nafasi hiyo hufungwa, na ndiyo maana ugonjwa huu karibu haupo kwa watu wazima.

Takriban asilimia 40 ya wagonjwa wana aina ya kurithika, ingawa wengi wao ni wa kwanza katika ukoo kwa sababu kasoro ilianza kwao. Kila mtoto wao ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuirithi.

Tiba hutegemea hatua ya ugonjwa: leza, kugandisha uvimbe, dawa za saratani kupitia mshipa wa damu au ateri ya jicho, au kuondoa jicho na kuweka la bandia. Uvimbe hauchomwi sindano kutoa kipande cha kupima, kwani seli zinaweza kumwagika nje ya jicho. Katika nchi tajiri, zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa hupona. Utafiti wa kimataifa wa wagonjwa 4,351 waliogunduliwa mwaka 2017 ulionyesha tofauti ilikoanzia: umri wa kati wa kugunduliwa ulikuwa miezi 14.1 katika nchi tajiri na 30.5 katika nchi maskini, na saratani ilikuwa imeshasambaa mwilini kwa asilimia 0.3 na 18.9 mtawalia. Afrika Mashariki iko upande wa pili wa hesabu hiyo. Safari ndefu kwenda hospitali ya rufaa ni sehemu ya kisa. Sehemu nyingine ni mzazi kukataa jicho litolewe, uamuzi unaoeleweka lakini unaogharimu maisha.

Wenye aina ya kurithika hubaki na hatari ya saratani nyingine ukubwani, hasa za mifupa, misuli na ngozi. Mionzi huizidisha, kwa hiyo tiba ya mionzi ya nje imeachwa kwa kiasi kikubwa. Kasoro ya mgonjwa ikishajulikana, damu ya ndugu zake hupimwa. Aliyeirithi huchunguzwa macho mara kwa mara tangu kuzaliwa. Asiye nayo huepushwa na uchunguzi wa kulazwa kwa dawa ya usingizi kila baada ya wiki kadhaa.